Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na nini? Maswali ambayo wanawake huyarudia

Wanawake wakiwa peke yao na wakajisikia huru, visababishi vya saratani ya mlango wa kizazi hutajwa vingi: dawa za majira, kitanzi, kuzaa mfululizo, kutoa mimba, mume anayetoka nje, kutojisafisha, laana, kurogwa. Hapa chini maswali yameachwa kama yanavyoulizwa, na mengine huulizwa kwa kunong'ona. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani. Kuna yenye chembe ya ukweli inayotaka kuchambuliwa, na kuna ambayo jibu lake ni hapana, basi.

Kwa nini kuhangaika na yale watu wanayoamini? Kwa sababu anachokiamini mwanamke kuhusu chanzo ndicho kinachomwambia kama ugonjwa unamhusu. Anayeamini ni ugonjwa wa wahuni hajioni humo. Anayeamini ni vidonge, na hajawahi kumeza hata kimoja, hujihesabu yuko salama. Anayeamini ni laana ataanzia kwingine, na hospitali itakuja mwisho.

Ukisikia pia saratani ya shingo ya kizazi, ni hii hii.

## Mambo ya msingi

Chanzo chenyewe ni nini hasa?

Ni kirusi kinachoitwa HPV. Zaidi ya asilimia 95 ya saratani za mlango wa kizazi hutokana na maambukizi ya HPV yaliyokaa mwilini kwa miaka bila kuondoka. Virusi hivi vina aina zaidi ya 200, na nyingi hazina uhusiano wowote na saratani. Kuna zinazoleta chunjua za mikononi tu. Aina za kuogopwa ni kama 14, na mbili kati ya hizo, namba 16 na namba 18, ndizo zinazobeba karibu asilimia 70 ya saratani hii duniani.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayotokeza ukeni. Pale utando wa nje wa mlango unapokutana na ule wa ndani, seli huwa zinabadilika tangu ujana, na hapo ndipo kirusi hupata upenyo. Aina hatari zikikaa hapo muda mrefu hutengeneza protini mbili, E6 na E7, ambazo huzima walinzi wa seli, yaani p53 na Rb. Kazi ya walinzi hao ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Wakishazimwa, seli huzaana hovyo na kasoro hurundikana juu ya kasoro, mpaka baadhi yake zinageuka saratani.

Kirusi hiki kinaambukizwaje?

Kwa kugusana ngozi kwa ngozi sehemu za siri, hasa wakati wa kujamiiana. Si lazima shahawa zimwagike, wala si lazima tendo likamilike. Hakipiti kwenye damu kama VVU, na hakiletwi na mbu wala kula chombo kimoja na mgonjwa.

Ni kirusi cha kawaida mno. Karibu watu wote wanaojamiiana, wanaume kwa wanawake, hukipata wakati fulani maishani, wengi wao katika miaka ya mwanzo. Hawajui, kwa sababu hakiumi, hakiwashi, hakitoi usaha.

Kama karibu kila mtu hukipata, mbona wanaougua ni wachache?

Kinga ya mwili ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kati ya maambukizi kumi, kama tisa hudhibitiwa na mwili wenyewe, kwa kawaida ndani ya miaka miwili. Anayebaki nacho ndiye wa kufuatiliwa, na hata miongoni mwa hao wengi hawafiki kwenye saratani.

Yapo mambo yanayokisaidia kirusi kukaa na kuharibu: kinga iliyodhoofika (tazama swali la VVU), sigara, mimba nyingi, vidonge vya majira vikitumiwa kwa miaka mingi, na magonjwa mengine ya zinaa kama klamidia. Haya ni ya kumsaidia mwizi aliyekwisha kuingia. Peke yake, bila HPV, hayaanzishi saratani hii. Sehemu kubwa ya mkanganyiko unaojibiwa katika ukurasa huu inatoka hapa. Mtu amesikia kwamba jambo fulani linaongeza hatari, akalipokea kuwa ndicho chanzo, akalipeleka hivyo kwa jirani.

Tangu kuambukizwa hadi saratani ni muda gani?

Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ni kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu isiyotibiwa huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda huu ndio unaofanya watu wakosee chanzo. Aliyeanza kutumia kitanzi mwaka juzi, akagundulika saratani mwaka huu, atakilaumu kitanzi, kumbe safari ilianza akiwa msichana. Ni kawaida ya binadamu kutafuta sababu karibu na tukio.

Kabla HPV haijajulikana, wataalamu wenyewe waliamini nini?

Walibahatisha kama wengine, ila kwa maandishi. Mwaka 1842 daktari wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alipitia kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona akaona saratani ya kizazi ni nadra kwa watawa wa kike ukilinganisha na wanawake walioolewa. Alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba ugonjwa unafuatana na kujamiiana, ila hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani kinachopita. Baadaye lawama zilihamia kwenye uchafu wa chini ya govi la mwanaume, na miaka ya 1960 na 1970 watafiti wengi waliamini ni kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Hawakuwa sahihi.

Mjerumani Harald zur Hausen alishikilia kwamba ni virusi vya papiloma, yaani hivi vya HPV, wakati wengi hawakukubaliana naye. Mwaka 1983 kundi lake lilitangaza aina ya 16, mwaka 1984 aina ya 18, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa hiyo ukimsikia bibi anasema ugonjwa huu "unatokana na wanaume wasiosafi", usimcheke; miaka mia moja iliyopita angekuwa na maprofesa upande wake.

## Yale yanayotajwa zaidi

Ni kweli dawa za majira zinaleta saratani ya mlango wa kizazi?

Hili ndilo swali ambalo jibu la "ndiyo" na jibu la "hapana" yote mawili yanapotosha.

Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, vikitumiwa kwa miaka 5 au zaidi, vinaongeza hatari kwa mwanamke mwenye HPV. Hatari hiyo hukua kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka, kisha hushuka baada ya kuacha, na baada ya miaka kama 10 huwa sawa na ya ambaye hakuwahi kutumia. Huo ndio ukweli wake, na mtoa huduma anayeuficha ili asiwatishe wateja hawasaidii.

Nusu ya pili ni hii: vidonge haviumbi kirusi. Mwanamke asiye na HPV hapati saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ya vidonge. Na vidonge hivyo hivyo hupunguza saratani ya ovari na ya mfuko wa uzazi wenyewe, bila kusahau kwamba mimba isiyotarajiwa nayo ina hatari zake. Mwanamke anayetumia kwa muda mrefu ana sababu zaidi ya kupimwa mlango wa kizazi kwa wakati. Kuvitupa kwa woga, halafu asipime, kunamwacha na mimba asiyoitaka na kirusi kile kile.

Na kitanzi je? Si kinakwaruza mlango kila siku?

Hapana. Kitanzi hukaa ndani ya mfuko wa uzazi, na kinachopita mlangoni ni uzi mwembamba tu. Tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali ziliona kinyume cha hofu hii: wanawake waliowahi kutumia kitanzi walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi kwa kiwango cha chini kuliko ambao hawakuwahi.

Kuzaa watoto wengi kunachosha kizazi hadi kinaoza. Ni kweli?

Kizazi hakiozi kwa kuzaa. Lakini wanaosema hivi wameona kitu: wanawake waliobeba mimba 3 au zaidi hadi mwisho wana hatari kubwa zaidi, na pia wale waliozaa kwa mara ya kwanza kabla ya miaka 20. Wakati wa ujauzito homoni hubadilika, kinga hulegea kidogo, na lile eneo la mlango linalopendwa na kirusi huwa wazi zaidi. Msichana mdogo eneo hilo kwake ni pana, ndiyo maana kuanza kujamiiana mapema nako kunaongeza hatari. Yote hayo yanahitaji HPV iwepo. Mwenye watoto wanane asiye na kirusi hana cha kuogopa kwa sababu ya idadi yao, na asiye na mtoto hata mmoja anaweza kuugua.

Nilitoa mimba zamani. Ndiyo iliyoniletea?

Hapana. Kutoa mimba hakusababishi saratani ya mlango wa kizazi, wala kuharibikiwa mimba, wala kusafishwa kizazi. Mimba ikitolewa na asiye na ujuzi inaweza kuleta maambukizi, kutokwa damu, ugumba na hata kifo, na hayo ni makubwa ya kutosha bila kuongezewa saratani. Nasema hivi wazi kwa sababu wapo wanaobeba siri hii miaka mingi, na wakitokwa damu wanaichukulia kuwa malipo yao, wakanyamaza. Damu isiyo ya kawaida ni ya kupelekwa kwa daktari, hata mwenyewe awe anajilaumu kwa lolote.

Ni kwa sababu ya kutojisafisha ndani, au kwa sababu ya kuweka dawa ukeni?

HPV haitoki kwenye uchafu, na maji na sabuni haviiondoi. Uke hujisafisha wenyewe. Nje ndiko kunakohitaji maji. Kujiosha ndani kwa sabuni, siki au dawa za dukani huua bakteria wazuri wanaoulinda uke, na baadhi ya tafiti zimeona uhusiano kati ya tabia hiyo na mabadiliko ya seli za mlango. Mitishamba, poda na tumbaku zinazowekwa ukeni kwa ajili ya kubana au kukausha huchubua, na ngozi iliyochubuka hupisha virusi kwa urahisi, VVU vikiwemo.

Kwa hiyo anayesema "dawa za ukeni si nzuri" amesema kweli. Anayesema "mimi sijawahi kuweka kitu, siwezi kuugua" amekosea.

Pedi, nguo za ndani za nailoni, vyoo vya jumuiya?

Hapana kwa pedi na nguo. Choo nacho si njia ya kukitilia hofu. Kirusi husafiri kwa kujamiiana. Fangasi na muwasho ni habari nyingine.

Familia yetu wamekufa nayo watatu. Si kurogwa huko, au laana?

Mtu aliyezika watatu hajibiwi kwa kejeli, na swali lake lina mantiki: jambo likijirudia lazima liwe na mkono nyuma yake. Ila mkono huo unaweza kuelezwa. Wanawake wa nyumba moja mara nyingi huolewa umri mmoja, huzaa kwa mfuatano ule ule, huishi mbali na huduma zile zile, na hakuna aliyewahi kupimwa. Wake wa mume mmoja hushirikiana virusi vya mume huyo bila kujua. Kisha wote hufika hospitali wakiwa wamechelewa, kwa hiyo wote hufa, na kifo cha kila mmoja kinathibitisha kilichokwisha kuaminiwa.

Anayetaka kuomba, aombe. Kupimwa hakupingani na dua, na kiongozi wa dini mwenye hekima atakuambia uanze na vyote viwili siku hiyo hiyo.

Basi ni ya kurithi?

Kwa sehemu ndogo sana. Mwenye mama au dada aliyeugua ana hatari iliyozidi kidogo, huenda kwa sababu ya namna kinga za ndugu zinavyofanana, au kwa sababu ya maisha yanayofanana yaliyoelezwa katika swali lililotangulia. Si kama saratani ya titi au ya ovari, ambako kuna jeni zinazojulikana zinazopita kutoka kwa mzazi. Asiye na mgonjwa yeyote katika ukoo asijipumzishe kwa hilo. Wagonjwa wengi ndio wa kwanza katika ukoo wao.

Sigara inahusikaje na sehemu za chini?

Kemikali za tumbaku husafiri na damu, na zimepimwa zikakutwa kwenye ute wa mlango wa kizazi. Huharibu seli na kudhoofisha kinga ya mahali hapo. Mvutaji mwenye HPV ana hatari kama mara mbili ya asiyevuta. Ajabu ni kwamba katika orodha za visababishi wanazozitaja wanawake, sigara huwa chini au haimo kabisa, ilhali ni moja ya vichache ambavyo mtu anaweza kuviacha.

Nimekuwa na fangasi za kujirudia, na uvimbe kwenye kizazi. Zitageuka?

Fangasi hazigeuki saratani, wala UTI. Uvimbe wa faibroidi hutoka kwenye misuli ya mfuko wa uzazi na haugeuki saratani ya mlango. Masundosundo ya sehemu za siri yanaletwa na HPV kweli, ila aina nyingine, hasa ya 6 na ya 11, ambazo si za saratani. Mwenye nayo apime hata hivyo, kwa sababu aliyeambukizwa aina moja anaweza kuwa na nyingine.

Hatari ya fangasi iko kwingine: mwanamke hutokwa na uchafu wenye harufu kwa miezi, ananunua dawa ya fangasi kila mara, na hakuna anayemwangalia mlango. Ukitibiwa bila nafuu, omba uchunguzwe.

## Mume, ndoa na uaminifu

Si ugonjwa wa wanawake wahuni?

Mwaka 2022 dunia ilipata wagonjwa wapya wapatao 660,000, na kama 350,000 walikufa. Vifo 94 katika kila 100 vilitokea nchi za kipato cha chini na cha kati. Kama tabia ndiyo iliyokuwa kipimo, ingebidi kuamini kwamba wanawake wa nchi tajiri wana tabia njema kuliko wengine wote, jambo ambalo hakuna anayelisema kwa uso mkavu. Walichonacho zaidi ni chanjo na vipimo.

Ni kweli kwamba wapenzi wengi huongeza nafasi ya kukutana na kirusi. Lakini mmoja anatosha. Neno "uhuni" ndilo linalowafanya wanawake waliotulia waone aibu kuonekana kwenye foleni ya kupimwa, na hao hao ndio tunaowapokea wakiwa wamechelewa.

Sijawahi kumjua mwanaume mwingine zaidi ya mume wangu. Nipime kweli?

Ndiyo. Historia inayohesabika ni ya wote wawili. Mume anaweza kuwa alikipata kirusi miaka mingi kabla hamjafahamiana, na asijue hadi leo, kwa kuwa hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa wanaume na wengi wao hawaoni dalili yoyote.

Nimekutwa na HPV baada ya ndoa ya miaka 20. Ina maana mume wangu ametoka nje?

Majibu ya kipimo hayawezi kukuambia hilo. Kirusi kinaweza kunyamazishwa na kinga, kikakaa kimya kwa miaka mingi kiasi cha kutoonekana, kisha kikajitokeza tena kinga inapolegea kwa umri, ugonjwa au dawa. Inawezekana ni cha zamani, chako au chake, au ni kipya. Maabara haina njia ya kutaja tarehe wala mtu.

Najua jibu hili halimridhishi anayetaka kujua. Lakini ndoa zimevunjika kwa karatasi ambayo haikuthibitisha chochote. Kama una mashaka na mumeo kwa sababu nyingine, zungumzeni kwa sababu hizo.

Mwanaume aliyetahiriwa hawezi kuniambukiza?

Anaweza, ila uwezekano hupungua. Tohara hupunguza maambukizi ya HPV kwa wanaume na kwa wenzi wao, haiyamalizi.

Na kondomu?

Vivyo hivyo. Inasaidia, lakini kirusi hukaa pia kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki. Endelea kuitumia, kwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa kinga yake ni kubwa zaidi.

## Vipimo na chanjo

Sina maumivu wala uchafu. Nipime nini?

Unapimwa ukiwa mzima ndiyo maana ya kipimo hiki. Kinatafuta mabadiliko ya awali, ambayo hayana dalili yoyote na hutibika kwa kugandisha, kwa joto au kwa kukata kipande kidogo, mara nyingi bila kulazwa. Dalili zikishatokea, yaani damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali, maumivu ya nyonga, huenda saratani yenyewe imeshafika. Hata hapo bado kuna matibabu, na ikiwahiwa hupona.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kikirudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Sampuli ya HPV unaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti laini chenye pamba, na kwa wengi hilo huondoa aibu ya kuvua nguo mbele ya mtu. Njia nyingine ni ya kupaka mlango asidi asetiki, ambayo hufanya sehemu yenye mabadiliko ing'ae nyeupe, na kipimo cha pap kinachoangalia seli kwa hadubini.

Nasikia kile chuma wanachoingiza ndicho kinachoamsha saratani, na kukatwa nyama kunaisambaza.

Chuma hicho kinafungua uke ili mlango uonekane. Hakiamshi kitu. Kukatwa kinyama cha kupima hakusambazi saratani wala hakuianzishi. Uvumi huu unaendelea kwa sababu wengi hupimwa baada ya dalili kujitokeza: leo alipimwa, baada ya miezi michache akafariki, na watu wakaunganisha.

Nimeambiwa nina "kidonda" kwenye mlango. Ndiyo saratani?

Si lazima. Mara nyingi wanachokiona ni utando mwekundu wa ndani uliojitokeza nje, hali ya kawaida kwa vijana, wajawazito na wanaotumia homoni. Wakati mwingine ni maambukizi, na wakati mwingine ni mabadiliko ya awali. Uliza moja kwa moja: ni kipi kati ya hivi, na nirudi lini? Kuwa na HPV nako si kuwa na saratani.

Chanjo ya HPV inawafunga wasichana uzazi?

Hapana. Imetengenezwa kwa ganda la nje la kirusi tupu, bila vinasaba ndani, kwa hiyo haiwezi kuambukiza, kuleta saratani wala kugusa mayai. Imekuwa ikitumika tangu 2006, na wasichana wa mwanzo waliochanjwa sasa ni akina mama. Kinyume chake, anayepoteza uzazi ni yule anayelazimika kutolewa kizazi au kuchomwa mionzi kwa sababu ya saratani.

Matokeo yake yameshaonekana. Nchini Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 walionyesha upungufu wa saratani hii wa asilimia 87 wakilinganishwa na vizazi vilivyotangulia ambavyo havikuchanjwa. Chanjo hulengwa miaka 9 hadi 14 kwa sababu inazuia, haitibu. Ni lazima itangulie kirusi. Kumchanja binti hakumfundishi kujamiiana.

Mimi nimeshaolewa, nichanjwe?

Faida hupungua kwa aliyekwisha kujamiiana, ingawa haiishi kabisa kwa aina ambazo hajazipata. Kwako wewe kipimo ndicho kinachokuja kwanza. Mjamzito asubiri ajifungue. Na aliyechanjwa bado anapimwa, kwa sababu chanjo haifuniki aina zote.

## Hali za pembeni

Ninaishi na VVU. Je, VVU vinasababisha saratani hii?

Haviisababishi, lakini vinamfungulia njia HPV. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara 6 zaidi, na mabadiliko huenda haraka (tazama swali la muda). ARV ukizitumia vizuri hurudisha kinga na kupunguza hatari hiyo bila kuifuta. Usingoje miaka 30 kuanza kupima. Dozi za chanjo nazo ni zaidi kwa mwenye VVU: zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu.

Nimekoma hedhi na sina mume siku nyingi. Bado inanihusu?

Inakuhusu, kwa sababu ya muda ule ule mrefu na ukimya wa kirusi. Kwa umri huu, kipimo cha asidi asetiki hakifai sana, kwa kuwa lile eneo linalotakiwa kuangaliwa huwa limerudi ndani. Omba cha HPV. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi haina udogo. Hata tone, nenda.

Nilitolewa kizazi.

Uliza kama na mlango ulitolewa. Kuna upasuaji unaouacha, na ukiachwa unahitaji kupimwa kama kawaida. Kama mlango nao ulitolewa, na sababu haikuwa saratani au mabadiliko ya awali, kwa kawaida huhitaji tena.

Bikira anaweza kuipata? Na wanawake wanaolala na wanawake?

Kwa asiyewahi kujamiiana ni nadra mno. Kwa wanawake wanaolala na wanawake, kirusi hupita kwa ngozi, mikono na vifaa vinavyotumiwa pamoja, kwa hiyo wapime kama wengine. Mara nyingi huachwa nje ya mazungumzo haya, na wenyewe huamini hawamo.

Kuna saratani ya mlango wa kizazi isiyotokana na HPV kabisa?

Ipo, ni chache. Kuna aina za nadra zinazoanzia kwenye tezi za mlango bila kirusi kuwepo. Kuna pia kisa cha DES, homoni ya kutengenezwa waliyopewa wajawazito tangu miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika: baadhi ya mabinti waliozaliwa na mimba hizo walipata aina adimu ya saratani ya uke na mlango wakiwa bado vijana. Hapo dawa kweli ilikuwa chanzo, na iliondolewa kwa wajawazito.

Kwa mwanamke wa leo maana yake ni moja: kipimo cha HPV kikitoka safi, na bado unatokwa damu isiyo na maelezo au uchafu usiokoma, rudi uchunguzwe kwa macho na kwa kinyama. Kipimo safi hakijibu swali la damu.